Kreta ya Mkesha wa Krismasi: Kisa cha Kuitafuta Mirihi Kutokea Kibosho

Kisa chenyewe ni kidogo. Klabu ya sayansi ya shule moja ya sekondari upande wa Kibosho, juu kidogo ya mji wa Moshi, ilitaka kuwaonyesha wazazi picha ya kreta iliyochimbwa na kimondo kwenye sayari ya Mirihi tarehe 24 Desemba 2021. Walikuwa na laptopu mbili, projekta ya kuazima, bando la kubana, na JMARS, programu ya bure ya ramani za sayari iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani. Walikuwa pia na namba za latitudo na longitudo za mahali penyewe. Wakaenda hapo kwenye ramani, wakafungua picha, wakakuta uwanda mtupu. Wakafungua nyingine, mtupu vilevile. Mmoja wao akahitimisha haraka kama vijana wanavyohitimisha: tumedanganywa, kreta haipo.

Mwalimu wao wa jiografia alinitafuta kwa kuwa riziki yangu ni ramani. Si za Mirihi lakini. Mimi napima vihamba, yaani mashamba ya ukoo, nachora mifongo ya maji inakopita, na siku nyingine nasuluhisha majirani wanaogombea mstari wa masale, mimea ya mpakani. "Kaka, njoo haraka," alisema kwenye simu, "hawa watoto wameshaanza kuniambia NASA ni waongo."

Nilikwenda. Ninachokieleza hapa ni kwa nini kreta haikuonekana ilhali picha zake zipo na ziko wazi kwa mtu yeyote mwenye intaneti. Naamini tatizo lao ni la wengi: tunaingia kwenye programu ya ramani tukiwa tunatafuta picha, wakati programu yenyewe imetengenezwa kujibu swali jingine kabisa, yaani ni chombo gani kilipita juu ya mahali hapa, lini, na kikiwa na kamera gani.

Tukio lilivyokuwa

Novemba 2018 chombo cha Marekani kiitwacho InSight kilitua Mirihi, kwenye uwanda wa Elysium Planitia, kikiwa na kipima mitetemo kilichotengenezwa chini ya uongozi wa Wafaransa. Kazi yake ilikuwa kusikiliza matetemeko. Mkesha wa Krismasi wa 2021 kikanasa mtikisiko wa ukubwa wa 4, ambao ni mkubwa kwa sayari ile. Mwanzoni hakukuwa na sababu ya kudhani ni kitu tofauti na tetemeko.

Februari 2022, huko California, watu wanaoendesha kamera mbili za chombo kingine, Mars Reconnaissance Orbiter (MRO), wakaona doa jipya kwenye eneo la Amazonis Planitia. Chombo hicho kinaizunguka Mirihi tangu Machi 2006. Kamera yake moja, MARCI, hupiga picha sayari karibu nzima kila siku kwa ajili ya kufuatilia hali ya hewa. Picha zake ni hafifu, hazionyeshi vitu vidogo, lakini ni za kila siku. Wakarudi nyuma siku kwa siku: siku moja doa halipo, siku inayofuata lipo. Siku hiyo ikaangukia tarehe ileile ya mtikisiko. Matokeo yakachapishwa Oktoba 2022: kreta yenye upana wa takriban mita 150 na kina cha mita 21, na mawe yaliyorushwa hadi umbali wa kilomita 37. Kutoka ilipo kreta hadi kilipokuwa InSight ni kama kilomita 3,460. Vijana walipima umbali huo wenyewe baadaye kwa kipimio cha programu, na ulikaribiana vizuri.

Niliwasimulia haya yote kabla hatujagusa kompyuta, na kuna waliopiga miayo. Lakini mtu anayetafuta kitu bila kujua ukubwa wake wala siku kilipotokea atapita juu yake asikitambue.

Namba zilikuwa sahihi

Kwenye karatasi ya mwalimu palikuwa na maandishi "35N170W". Aliyatoa ndani ya jina la picha moja ya kamera ya CTX, nayo imo ndani ya MRO hiyohiyo. Majina ya picha hizo yana utaratibu wake: kuna namba ya mzunguko wa chombo, kuna namba ya tarakimu nne, kisha latitudo na longitudo ya katikati ya picha kwa digrii nzima. Hivyo 35N ni digrii 35 kaskazini, na 170W ni digrii 170 magharibi.

Vijana waliandika 35 na 170 kwenye kisanduku cha kutafutia, wakabonyeza, ramani ikahama. Ilihamia mahali halisi kabisa, ila si penyewe. JMARS kwa kawaida huhesabu longitudo kuelekea mashariki, kuanzia 0 hadi 360. Ukiipa 170 bila neno jingine, inakupeleka digrii 170 mashariki. Digrii 170 magharibi kwa hesabu hiyo ni 360 kutoa 170, yaani 190. Kwa vipimo vilivyochapishwa, kreta ipo karibu na latitudo 35.1 kaskazini na longitudo 189.8 mashariki. Tofauti ya digrii karibu ishirini kwenye latitudo ile inakaribia kilomita 950.

Wakati mwingine mtu akikosea hivyo anashtuka mara moja, kwa sababu anajikuta kwenye mlima alipotegemea bonde. Hapa hakuna aliyeshtuka. Nyanda za kaskazini za Mirihi zinafanana mno, na uwanda waliouona ulikuwa na kila dalili ya kuwa ndio uliotajwa kwenye habari.

Ugomvi huu wa mashariki na magharibi una historia. Ramani za zamani za Mirihi zilihesabu longitudo kuelekea magharibi. Baada ya chombo cha Mars Global Surveyor kupima miinuko ya sayari nzima kwa leza kupitia kifaa chake cha MOLA, hesabu ya kuelekea mashariki ndiyo ikashika, na misheni nyingi za sasa zinaifuata. Lakini majina ya picha za CTX yamebaki na herufi W. Kwa hiyo unaweza kuwa na ramani inayosema 190 na picha inayosema 170W, zote mbili zikazungumzia ardhi ileile. Kinachofanana kwa wote ni mstari wa sifuri, unaopita kwenye kreta ndogo ya Airy-0, yenye upana wa kama nusu kilomita.

Latitudo nazo ni za aina mbili, kwa kuwa Mirihi imebonyea kidogo kwenye ncha. Ukipima pembe kutoka katikati ya sayari unapata namba moja. Ukipima kwa kufuata uso wake unapata nyingine. Tofauti haizidi theluthi ya digrii, lakini digrii moja ya Mirihi ni kama kilomita 59, kwa hiyo kwenye latitudo 35 unaweza kupotea kilomita 19 hivi. Picha ya CTX ina upana wa kilomita 30 tu. Mtu anaweza kuwa na kila kitu sawa, akatokea nje ya ukingo wa picha kwa sababu hiyo peke yake.

Tena "35N170W" ni digrii nzima, haina nukta. Inakufikisha kwenye kata, haikufikishi kwenye kiwanja. Mwalimu alipokubali kuiacha na kutumia namba zenye nukta, 35.1 na 189.8, nusu ya kazi ilikuwa imekwisha.

Picha ilikuwa ya kabla ya tukio

Tulipofika penyewe, bado uwanda ulikuwa mtupu. Hapo ndipo manung'uniko yalipopamba moto.

JMARS inapokuonyesha picha za kamera fulani, haianzi na picha. Inaanza na mistatili: kila mstatili ni eneo lililofunikwa na picha moja. Juu ya kreta yetu mistatili ya CTX ilikuwa imelaliana, mingine imeinama kidogo, mirefu kama vipande vya kanga. Vijana walikuwa wakibofya wa kwanza unaoshikika na kuifungua. Waliyoifungua ilikuwa picha nzuri, safi, isiyo na vumbi hewani, iliyopigwa miaka mingi kabla ya kimondo kuanguka. Ingewezaje kuonyesha kreta?

Pembeni ya mistatili kuna jedwali, na watu wengi hawalifungui kwa sababu linaonekana kama kazi ya ofisini. Mimi nadhani jedwali hilo ndilo programu yenyewe. Ramani ni mapambo. Lina jina la kila picha, siku na saa ilipopigwa, pembe ya jua, na mambo mengine mengi. Tuliipanga safu ya tarehe, tukachuja zilizopigwa baada ya 24 Desemba 2021, na orodha ikafupika ghafla. Tukafungua mojawapo. Doa likaonekana.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza, "Kwa hiyo, madamu, ile picha tupu tusiifute?" Mwalimu akanitazama. Nikamwambia asiifute hata kwa dawa. Picha yenye doa peke yake haithibitishi kwamba doa ni jipya. Picha tupu, ikiwa na tarehe yake na ikiwa ni ya mahali palepale, ndiyo inayolifanya doa liwe habari. Waliyekuwa wakimlalamikia alikuwa shahidi wao.

Hili nalijua kutoka kwenye migogoro ya ardhi. Nimeona watu wakienda kwenye baraza na picha ya setilaiti iliyochapishwa rangi vizuri, mpaka umechorwa kwa wino mwekundu, tarehe hakuna. Mwenzake naye ana yake, imechapishwa vizuri vilevile. Wazee wa baraza wanabaki kulinganisha ubora wa printa.

Kuna pia kitu kiitwacho mosaiki: picha nyingi zilizounganishwa zikawa ramani moja inayoendelea bila mshono. Ipo mosaiki ya CTX inayofunika karibu Mirihi yote, na ni kazi kubwa ya kupongezwa. Kwa kutazama sura ya nchi ni bora kuliko chochote. Kwa kutafuta mabadiliko, siipendi. Kipande cha kushoto kinaweza kuwa cha mwaka mmoja na cha kulia cha mwaka mwingine, na macho hayawezi kujua. Ukiona doa kwenye mosaiki, shuka mpaka kwenye picha iliyolizaa, usome tarehe yake.

Unatafuta doa kabla ya kutafuta shimo

Sasa ukubwa. Kwenye picha za CTX pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, ni kama mita 6 za ardhi. Kreta ya mita 150 inachukua pikseli 25 hivi: inaonekana, lakini ukiitazama kutoka mbali inapotea. Kwenye ramani ya joto ya kamera ya THEMIS, iliyomo ndani ya Mars Odyssey, pikseli ni mita 100, kwa hiyo kreta nzima ni pikseli moja na nusu. Kwenye ramani ya miinuko ya MOLA pikseli ni karibu mita 463. Hapo hata kama ungeipata siku ya tukio isingeonyesha kitu. Mmoja wa vijana alikuwa ameshinda akiikuza ramani ya MOLA akitegemea shimo litokee. Kukuza picha hakuongezi kilichomo.

Wataalamu wanaotafuta kreta mpya hawaanzi na shimo. Wanaanza na doa jeusi linalolizunguka. Sehemu kubwa za Mirihi zimefunikwa na vumbi jepesi la rangi ya kufifia. Kimondo kikipiga, mlipuko unalipeperusha vumbi hilo na kufukua kilicho chini, na doa linakuwa kubwa kuliko kreta mara nyingi. Ndiyo maana kreta mpya nyingi zimegunduliwa kwenye maeneo ya vumbi. Penye mwamba mtupu vimondo vinaanguka vilevile, ila haviachi doa la kuonekana kirahisi.

Kwa wazazi wa Kibosho, mita 150 ilihitaji kitu cha kulinganishia. Vijana walichora duara lake juu ya picha ya kreta ya Kibo, kule kileleni Kilimanjaro, ambayo upana wake ni kama kilomita 2.4. Duara likawa kadogo kiasi kwamba mzee mmoja wa kamati ya shule, aliyekuwa amekuja kuangalia maandalizi, aliuliza kama hayo ndiyo makelele yote. Swali la haki. Jibu ni kwamba kreta kubwa Mirihi ni nyingi mno, lakini za zamani sana. Hii ilipigwa wakati chombo kikiwa ardhini kinasikiliza na kamera ziko juu zinatazama.

Kijana mwingine akaleta hoja ya Kimondo cha Mbozi. Lile jiwe la chuma kule Songwe lina uzito wa zaidi ya tani kumi na limelala pale bila kreta ya kuonekana, sasa iweje la Mirihi lichimbe? Jiwe la Mirihi linakadiriwa kuwa na upana wa kati ya mita 5 na 12. Jiwe la ukubwa huo likija duniani, kwa kawaida hewa yetu ingelivunja na kuliunguza kabla halijafika chini. Hewa ya Mirihi ina mgandamizo usiofika asilimia moja ya huu wa kwetu, kwa hiyo jiwe linafika likiwa bado na kasi yake. Chuma cha Mbozi ni kigumu zaidi ya mawe mengi ya angani, na tukiwaingiza wazazi kwenye habari zake tungekesha.

Kilima au shimo?

Kisa kilinoga tulipofungua picha moja isiyokuwa imenyooshwa kwa ramani, yaani ilivyotoka kwenye kamera. Vijana wakagawanyika. Nusu waliona shimo, nusu wakaona kilima, na walioona kilima walikuwa na uhakika wa kuapa.

Macho yetu yamezoea mwanga unaotoka juu. Ukipewa picha ambayo mwanga unatoka chini au upande usioutegemea, ubongo unageuza mambo: bonde linainuka, kilima kinazama. Dawa ni kujua jua lilikuwa wapi, na kwa MRO hilo ni rahisi. Chombo hicho hupita juu ya sehemu za mchana ikiwa kama saa tisa alasiri kwa saa za hapo hapo Mirihi, siku zote. Alasiri jua liko magharibi. Kwa hiyo picha ikinyooshwa kaskazini ikawa juu, mwanga unatoka kushoto. Shimo litakuwa na kivuli ndani ya ukuta wake wa kushoto, na ukuta wa kulia utang'aa. Kilima kinyume chake: kushoto kunang'aa, kulia kuna kivuli.

Kijana mmoja hakungoja maelezo yaishe. Aliibeba laptopu akaigeuza juu chini mbele ya wenzake, na palepale kilima kikadidimia. Darasa likacheka. Tangu hapo kila picha iliyofunguliwa waliuliza kwanza jua liko upande gani, na hilo lilinifurahisha kuliko kreta yenyewe.

Kivuli kina faida nyingine. Jedwali linatoa pembe ya jua kutoka utosini. Ukiitoa kwenye 90 unapata jua liko digrii ngapi juu ya upeo wa macho. Urefu wa kivuli ukizidishwa na tanjenti ya pembe hiyo unakupa kina. Tuseme jua liko digrii 30 juu ya upeo: shimo la mita 21 litatupa kivuli cha mita 36 hivi. Kwenye CTX hizo ni pikseli 6, na ukikosea pikseli moja umeharibu hesabu. Kwenye kamera ya HiRISE, nayo imo ndani ya MRO na pikseli yake ni kama sentimita 30, ni pikseli 120. Ni trigonometria ya darasani hii, na mwalimu wa hesabu aliyekuwa anapita mlangoni aliingia akakaa.

Barafu na bando

HiRISE ndiyo kamera yenye macho makali kuliko zote zinazoizunguka Mirihi, lakini inatazama eneo dogo: ukanda wa upana wa kilomita 6 hivi. Ndiyo maana kwa miaka yote hiyo imefunika asilimia chache tu za sayari. Juu ya kreta yetu imepiga. Jina la picha zake nalo linasomeka. Baada ya herufi ESP na namba ya mzunguko huja tarakimu nne. Toa 1800, kisha weka nukta kabla ya tarakimu ya mwisho. Jina lenye 2155 linakupa 35.5, yaani karibu na latitudo 35.5 kaskazini. Lenye 1735 linakupa 6.5 chini ya sifuri, yaani kusini. Ukijua hilo huhitaji kufungua picha ili ujue kama inaweza kuwa yako.

Na kwa Moshi, kutofungua picha ni jambo la maana. Faili kamili la HiRISE linaweza kuwa na mamia ya megabaiti, mengine yakavuka gigabaiti. Walikuwa wamelianzisha moja usiku kwa bando la mwalimu, umeme ukakatika, likarudi mwanzo. Nikawashauri wachukue nakala ndogo ya kutazamia kwanza, na kama wanataka undani, wakuze sehemu wanayoihitaji ndani ya JMARS, maana programu inavuta kipande unachokitazama. Kwa projekta ile ya kuazima, nakala ndogo ilitosha na kubaki.

Rangi za HiRISE ni za katikati tu ya picha, ukanda wa kama kilomita 1.2, na si rangi ambazo jicho lingeziona ukiwa pale. Zimeongezwa nguvu ili tofauti za udongo zijitokeze. Kuzunguka kreta kulionekana vipande vyeupe. Ni barafu ya maji, iliyokuwa imefukiwa na kurushwa nje na mlipuko. Hii ndiyo sehemu iliyowashangaza wanasayansi, kwa kuwa hapajawahi kuonekana barafu iliyofukuliwa karibu na ikweta ya Mirihi kiasi hicho. Digrii 35 si karibu sana na ikweta kwa macho ya mtu wa Kibosho, ambaye barafu yake iko digrii tatu kusini mwa ikweta na anaiona akitoka nje asubuhi mawingu yakikubali. Lakini ya Kibo iko pale kwa sababu ya kimo. Ya Mirihi iko pale kwa sababu imefunikwa. Ikibaki wazi kwenye hewa ile nyembamba inageuka mvuke bila kupitia kuwa maji, na weupe unafifia kadiri muda unavyokwenda.

Michirizi ya kisulisuli

Walipopata walichokitaka, ndipo kiu ilipoanza. Niliwaambia habari ya wanafunzi wa shule moja ya California ambao mwaka 2010, wakiwa kwenye mradi wa picha za THEMIS, waliona tundu jeusi kwenye mteremko wa mlima wa volkano wa Pavonis Mons ambalo hakuna aliyekuwa ameliripoti. Linakadiriwa kuwa na upana wa mita 190 kwa 160. Nilidhani nawapa moyo. Kumbe nimewasha moto. Kila mmoja akaanza kutafuta chake.

Kijana wa laptopu iliyogeuzwa akapata. Kwenye picha ya CTX ya baadaye, si mbali na kreta, kulikuwa na mistari myeusi myembamba, imepindapinda na kukatana. Alishaifunza akili: akarudi kwenye picha ya zamani ya mahali palepale, akaangalia tarehe, akaangalia jua. Mistari haikuwepo. Ya zamani ilikuwa na mingine, imepita njia tofauti. Kwa kipimo chetu wenyewe alikuwa amepata kitu kipya.

Alikuwa amepata kitu kipya kweli, ila si kimondo. Ni njia za visulisuli. Mtu aliyewahi kusimama nyanda za chini kuelekea uwanja wa ndege wa KIA wakati wa kiangazi anavijua: vumbi linainuka likizunguka, linakwenda zake, linapotea. Amazonis ni nyumbani kwao. Machi 2012 MRO ilipiga picha kimoja kwenye eneo hilo kilichopanda hadi kilomita 20 kwenda juu, na shina lake lina upana wa mita 70 hivi. Kila kinapopita kinafagia vumbi jepesi na kuacha mchirizi mweusi. Baadaye vumbi linarudi kutua, mchirizi unafutika, vingine vinakuja na kuchora upya.

Kijana alinyong'onyea kidogo, kisha akauliza swali ambalo hata mimi lilinifanya nifikirie: kama vumbi lilelile linafuta michirizi, litafuta na doa la kreta? Ndiyo, taratibu. Kreta itabaki, doa litafifia. Kwa hiyo mtafutaji wa miaka mingi ijayo atakayefungua picha ya wakati huo bila kurudi kwenye hizi za 2022 ataona kreta ndogo ya kawaida kati ya maelfu, wala hatakuwa na sababu ya kuitilia maanani.

Siku ya maonyesho walibandika picha mbili za CTX, ya kabla na ya baada, zimekatwa kwa kipimo kimoja na kaskazini ikiwa juu, na ya HiRISE pembeni. Chini ya kila moja waliandika jina lake kamili, tarehe, longitudo kwa hesabu ya mashariki, na mshale wa upande wa jua. Michirizi ya visulisuli walitaka kuiweka pamoja nazo. Mwalimu akakataa, akasema wazazi watachanganya, na mimi niliona ana haki. Ikawekwa kwenye ubao wa pili karibu na mlango, na maelezo aliyaandika yule kijana mwenyewe.

Msichana wa kidato cha tatu alitaka kujua kama barafu bado inaonekana leo. Hilo linajibiwa kwa kuchuja jedwali kwa tarehe za karibuni. Ikiwa hakuna picha mpya ya kutosha, timu ya HiRISE ina mpango uitwao HiWish, uliofunguliwa mwaka 2010, ambapo mtu yeyote anaweza kupendekeza mahali pa kupigwa picha. Unaandika namba, unaeleza kwa nini, unasubiri, na huahidiwi kitu. Nilipoondoka alikuwa kwenye fomu, anabishana na mwenzake kuhusu sababu ya kuandika.